Maswali ya wasomaji: picha ya ubongo, na ile saa ya mkononi

Toleo lililopita tulichapa habari fupi kuhusu wataalamu wa Marekani wanaowapiga picha za ubongo askari wao waliostaafu, wakitafuta dalili ya nani yuko karibu na kujiua. Ilikuwa robo ukurasa tu, ila barua na meseji na sauti za WhatsApp zilizokuja ni nyingi mno, Unguja na Pemba, na nyengine kutoka kwa watu ambao hawataki hata herufi moja ya jina lao ionekane. Nimechagua tano. Mie ni nesi mstaafu, wagonjwa wa akili nimekaa nao miaka mingi wodini, kwa hivyo najibu kinesi. Barua ya mwanzo niliijibu kwa simu siku ile ile niliyoipata, haikuwa barua ya kusubiri mwezi, na inachapwa kwa ruhusa ya mwenyewe, mambo mengine nimeyageuza ili asijulikane.

Asalaam alaykum Bi Nesi. Mie niko Wete, mume wangu alikuwa jeshini, alikwenda Congo 2013 na kile kikosi cha Umoja wa Mataifa, akarudi salama alhamdulillahi, sasa kastaafu. Zamani alikuwa mtu wa watu, baraza yetu haikosi kahawa. Tangu ile Disemba 2017 walipouliwa wale askari wetu 14 kule Semuliki hataki tena redio, siku ile aliinuka akaizima na mpaka leo ipo juu ya kabati. Usiku halali, saa nane anatoka nje anageuza karafuu kwenye jamvi na karafuu zenyewe zishakauka. Skukuu watoto wakipiga fataki anajifungia chumbani. Sasa kijana wetu aliyeko Dar kasoma gazeti lenu, anasema kuna MRI inaonesha ndani ya ubongo kama mtu atajiua, tuuze karafuu baba apelekwe akapigwe hiyo picha, na kaka zangu wamekubali kuchangia. Nauliza hiyo mashine ipo Muhimbili? Bei yake ngapi? Inaumiza? Anatakiwa asile? Majibu tunapewa siku ile ile? Nisamehe kwa maswali mengi. Juzi kampa mtoto wa dada yake saa yake ya mkononi aliyokuja nayo kutoka Congo, saa ambayo hata mie sikuwa naigusa, na akaenda kumlipa mwenye duka deni lote, nikafurahi nikadhani labda kapata nafuu. Naomba jibu haraka. — Mama watoto, Wete

Waalaykum salaam mdogo wangu. Barua yako niliisoma mara mbili. Maswali matano umeuliza juu ya mashine, na saa umeitia mwisho kabisa, baada ya kuomba radhi. Mie simu niliishika kwa ajili ya ile saa.

Mtu aliyebeba mzigo muda mrefu, halafu ghafla anagawa kitu chake cha roho, analipa madeni, anatulia, inaweza kuwa ni nafuu ya kweli na inaweza kuwa ameshakata shauri, na kwa kumtazama tu hutofautishi. Nimekaa na wake na mama wengi baada ya msiba, wanarudia neno moja hilo hilo, lakini wiki ile alikuwa mpole, lakini wiki ile alikula vizuri. Ndo maana sikukwambia usubiri gazeti.

Sasa kuhusu mashine, nakujibu wazi. Hakuna, si Muhimbili wala si huko Marekani, mashine ambayo mtu akiingia inatoa karatasi inayosema huyu atajiua, huyu hatojiua. Zile picha ni za utafiti, wataalamu wanajifunza. Daktari akisema mume wako apigwe MRI kwa sababu nyengine, labda anapata kifafa au kichwa kinamuuma kwa namna ya kutia shaka, hapo sawa, muulize bei na muende. Ila kwa hili mlilotaka nyinyi msiuze hata pishi moja.

Nikwambie na jambo ambalo kijana wako hakulisoma, kwa sababu na sisi hatukuliandika. Hao Wamarekani wanapoteza askari wastaafu wengi kweli, mwaka 2022 peke yake walijiua 6,407, yaani kila siku inayokucha watu 17 au 18. Na mashine hizo wanazo tele. Lakini idara yao ya maveterani inapotaka kujua nani atafutwe kwanza haitazami picha ya ubongo. Tangu 2017 wana mpango ambao kompyuta inapitia mafaili ya hospitali, nani aliwahi kujaribu, nani analazwa mara kwa mara, nani ana maumivu yasiyoisha, dawa gani anakunywa, halafu yale majina ya juu kabisa, kama mtu mmoja katika kila elfu, wanapewa wahudumu wawatafute wazungumze nao. Wenye mashine zote zile wanamaliza kwa kuinua simu.

Kwa hivyo nilikwambia na wewe umuulize. Na nilikwambia neno lenyewe ulitaje, kujiua. Sisi huku tuna adabu nyingi ya maneno, tunasema usije ukafanya jambo baya, usijidhuru bwana, na mtu anajibu la, sifanyi jambo baya, na kwa vile yeye anavyoona sa hizi si baya, anaona anakupunguzieni mzigo, basi hata hajasema uongo. Muulize mkiwa peke yenu, watoto wamelala, na ikiwezekana mikono yenu iwe na kazi, manake wanaume wengi wanasema ukweli wakiwa wanatazama mikono yao. Usimuulize kwa kumtuhumu, na usimuulize kwa namna ya kumtaka akujibu hapana, zile za "wewe huwazi mambo hayo, eti?"

Ulinambia ulimuuliza saa tisa usiku mkiwa jamvini, akanyamaza mpaka ukadhani hakusikia, akachukua karafuu kiganjani akazimimina, akachukua tena, halafu akasema, "Nani kakwambia?"

Wallahi ulifanya vizuri hapo, hukulia na hukumpigia kelele za dini, ulimwambia saa ndo imenambia. Asubuhi mkaenda hospitali. Kwa wengine wanaosoma, mkifika pale, iwe Wete, iwe Chake Chake, iwe Mkoani, semeni mlangoni kwamba mgonjwa anawaza kujiua na mnataka mtu wa afya ya akili. Msiseme kichwa kinamuuma. Mkisema kichwa mtapewa panadoli mrudi nyumbani.

Na ile karatasi mliyoandika pamoja na nesi siku ile msiidharau kwa kuwa ni karatasi. Mwaka 2018 ulitoka utafiti katika hospitali tisa za maveterani huko huko Marekani, watu 1,640 waliofika dharura kwa sababu ya kutaka kujiua. Katika hospitali tano mgonjwa hakuachiwa kuondoka mpaka akae na mtu waandike mpango wake: dalili gani zinanijulisha kwamba naanza kuzama, nikiwa peke yangu nafanya nini kupoza, nakwenda wapi penye watu, nani nampigia, hospitali gani, na vitu vya hatari vilivyomo ndani anakaa navyo nani. Halafu ndani ya siku tatu anapigiwa simu, na anaendelea kupigiwa. Nyengine nne ziliendelea na kawaida yao. Miezi sita baadae, wale wa karatasi na simu, visa vya kujaribu kujiua na mambo ya namna hiyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 45. Karatasi, kalamu na salio la simu.

Kwa hivyo hizo dawa zote za ndani, na chochote ambacho yeye mwenyewe amekutajia, apewe kaka yako akae navyo, na aambiwe mbele yake, sio kwa kuvizia. Hii haina maana kwamba mtakaa naye kama mahabusu maisha. Saa ya hatari inakuja kwa nguvu na inapita, mara nyingi ndani ya muda mfupi, kazi yenu ni kuhakikisha ikija haimkuti peke yake na kitu cha kujidhuru kiko karibu. Pesa ya karafuu itumieni kwa nauli za kliniki, manake atatakiwa kurudi, na kurudi tena. Na ule mpango wenu wa kumrejeshea saa kimya kimya, muacheni kwanza. Siku akiitaka mwenyewe ataiomba.

Shikamoo Bi Nesi. Nasoma SUZA mwaka wa pili. Nimewahi kuona video inasema kompyuta ikisoma ubongo inamjua anayetaka kujiua kwa asilimia 91. Sasa kama ni kweli kwa nini nchi zisinunue? Na hiyo MRI inaonaje fikra za mtu? — Mwanafunzi, Unguja

Marahaba mwanangu, swali zuri, na jibu lake refu kidogo.

MRI haioni fikra. Ni sumaku kubwa, unalala ndani ya lile shimo, haikuchomi wala haina miale kama ya eksirei, ina kelele tu za kugongagonga. Inachokipata ni ishara ya maji yaliyomo mwilini. Sasa mwaka 1990 Mjapani mmoja aliyekuwa akifanya kazi Marekani, Seiji Ogawa, alionesha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyokwishatoa oksijeni haziko sawa mbele ya sumaku. Hapo watu wakapata njia: sehemu ya ubongo ikifanya kazi damu inaikimbilia, kwa hiyo ukifuata damu unajua wapi pamechangamka. Zile rangi nyekundu na njano unazoziona kwenye video hazimo kichwani mwa mtu, kompyuta inazitia baada ya hesabu. Ni kama kukaa nje ya nyumba ya harusi usiku, unaona chumba gani kina taa, husikii wanasema nini.

Kuna namna nyengine inayofuata maji yanavyotembea kwenye nyuzi za ubongo, zile njia zinazounganisha sehemu na sehemu. Hii ndo waliyotumia wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utah, Salt Lake City, kwa maveterani waliopata mtikisiko wa ubongo vitani. Mwaka 2013 walitoa matokeo ambayo yalinishughulisha sana nilipoyasoma. Ungetegemea waliowaza kujiua njia zao ziwe zimechakaa zaidi, sivyo? Wao waliona kinyume. Ile njia inayotoka thalamasi, yaani kile kituo cha katikati ya ubongo kinachopokea na kugawa habari, kwenda sehemu ya mbele inayopima na kuzuia, kwa waliokuwa na mawazo ya kujiua kipimo chake kilikuwa juu kuliko wenzao. Kwa nini, hapo ndipo kazi ilipo. Ila lile kundi lilikuwa dogo, na tofauti waliyoiona ni ya kundi kwa kundi. Ukichukua picha ya mtu mmoja ukaiweka mezani huwezi kusema huyu ni wa kundi lipi. Ni sawa na kusema watu wa kijiji hiki kwa wastani ni warefu kuliko wa kile, halafu akaja mtu mrefu ukamwambia basi wewe umetoka pale.

Sasa hiyo 91. Hiyo ni kazi ya 2017, ya vijana, si ya askari, waliofikiria kujiua walikuwa 17 na wasiofikiria 17, jumla watu 34 tu, ambao hawajai hata basi. Waliwekwa ndani ya mashine wakaoneshwa maneno, kifo, sifa, shida, ukatili na mengine kama hayo, kompyuta ikajifunza kutofautisha. Dunia nzima iliitangaza. Shida ni kwamba maneno na sehemu za ubongo walizozitegemea walizichagua kwa kutazama watu wale wale ambao baadae walikuja kuwapimia, yaani mtihani uliotungwa baada ya kuona majibu. Wenzao wakalionesha hilo, na 2023 utafiti ule ukaondolewa na wenyewe waliouandika. Video uliyoiona inaendelea kuzunguka, na tangazo la kuondolewa halikupata hata robo ya hao watazamaji. Hili linaniuma kweli, kwa sababu mama wa Wete alikuwa tayari kuuza karafuu kwa ajili yake.

Wakajaribu kwa wingi sasa. Mwaka 2021 ulitoka utafiti uliokusanya picha za watu 18,925 kutoka makundi 18 ya nchi mbalimbali, na tofauti zilizopatikana kwa waliowahi kujaribu kujiua, thalamasi ikiwemo, zilikuwa ndogo sana, za kuonekana kwa hesabu za watu wengi tu.

Na hata mashine ingekuwa nzuri kweli, fanya hesabu hii, chukua kalamu. Askari wastaafu 10,000, tuseme kwa mfano tu mwaka huu watakaojiua ni 10. Mashine inapatia mara 90 katika 100. Katika wale 10 itawakamata 9, vizuri. Katika 9,990 waliobaki itakosea mtu mmoja katika kila kumi, yaani itawapiga chapa watu 999 ambao hawana jambo hilo. Una watu 1,008 mkononi, wa kweli ni 9, na yule wa kumi umempeleka nyumbani ukamwambia uko salama. Huyo wa kumi ndie anayeninyima usingizi mie. Kwa hiyo usishangae kwamba 2017 hiyo hiyo, wataalamu waliokusanya tafiti 365 za miaka 50 juu ya vitabiri vya kujiua, vya kila aina, walikuta utabiri wake umezidi kidogo tu kubahatisha.

Usinielewe kwamba nasema waache. Waendelee. Siku moja watajua kwa nini dawa hii inamfaa huyu na yule hapana, na hata sasa picha hizo zina faida moja ambayo nimeiona kwa macho yangu, mtu akioneshwa kwamba ubongo ni kiungo, kinaumia na kinatibika kama mguu, anaacha kuambiwa kwamba imani yake ndogo.

Bi Nesi, kumuuliza mtu kama anataka kujiua si ndo kumfungulia mlango ambao alikuwa hajauona? — Mwalimu wa madrasa, Mkoani

La, maalim. Hofu hii nilikuwa nayo na mie nilipoanza kazi. Mwaka 2014 wataalamu wa London walikusanya tafiti zote walizozipata za swali hili hili, za wakubwa na za watoto, hakuna hata mmoja ulioonesha kwamba kuuliza kunaongeza mawazo hayo, na kwa baadhi ya watu yalipungua. Mwenye wazo hilo analo zamani, wewe unampunguzia upweke wake tu. Na kwa vile wewe watu wanakusikiliza, nakuomba kitu, siku utakapozungumza juu ya dhambi ya kujiua, na ni haki yako kuzungumza, malizia kwa kusema kwamba mwenye kuumwa na jambo hili mlango wangu uko wazi, aje hata usiku wa manane. Ukiishia kwenye adhabu tu, aliye mgonjwa mle msikitini atatoka akiwa amejifunza kuficha.

Kaka yangu alikuwa askari, karudi miaka mitatu sasa. Anaruka usingizini, anasikia milio ambayo sisi hatuisikii, ukimgusa kwa nyuma anaweza kukupiga. Wazee wanasema ana sheitwani wa huko alikokwenda, ashazinguliwa mara nne. Sasa tunaambiwa ni ubongo. Tushike lipi? — Ndugu, Konde

Mwanangu, usiingie ugomvi na wazee, utashindwa na kaka yako ndie atakayeumia. Kisomo hakikatazi hospitali na hospitali haikatazi kisomo. Nimeona wagonjwa wengi waliosomewa asubuhi na wakanywa dawa jioni, wakapona. Ninachokataa ni kumfunga, kumpiga, kumfukiza mpaka akose pumzi, kumnyima chakula, na kumwambia aache dawa ili tiba ya mganga ifanye kazi. Ukisikia hayo mchukue ndugu yako muondoke.

Hayo unayoyaeleza yanaitwa kiwewe. Ubongo wa mtu aliyekaa miezi akisubiri kushambuliwa umejifunza kulala jicho moja wazi, na akirudi nyumbani haujui kwamba vita imekwisha, mlango ukigonga tu unampigia kengele kabla yeye mwenyewe hajafikiri. Sio kwamba anataka kukupiga. Msimguse kwa nyuma, muiteni jina kwanza, na akiruka usiku mwambieni yuko wapi na nyinyi ni nani, uko Konde, mie ndugu yako, hapa ni nyumbani. Kiwewe kina tiba, ya mazungumzo hasa, na hiyo milio anayoisikia daktari wa akili aijue, kwa sababu inaweza kuwa kumbukumbu na inaweza kuwa ugonjwa mwengine. Mkitumwa Unguja, hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, nendeni. Najua jina hilo watu wanavyolitumia kutukanana, nimefanya kazi hii huku nikisikia matusi hayo, na nimewaona waliotoka pale kwa miguu yao wakarudi kuvua, wakaoa, wakasomesha.

Bi Nesi mie ndie mwenyewe. Nilikuwa karibu na bomu lilipolia, nikazimia kidogo, nikaamka masikio yanavuma. Sijawahi kuwa sawa tangu hapo. Nimesoma ile habari yenu ya picha za ubongo za askari nikaona kumbe nimo, wanatajwa watu kama mie. Kama ubongo ushavunjika sina haja ya kula pesa ya watu. Nyumbani hawajui. Namba yangu hiyo, usiichape. — Askari mstaafu, Unguja

Kaka yangu, tumeshazungumza, ila simu ilikatika mara mbili na kuna mambo sikuyamaliza, na nimekuomba ruhusa niyamalizie hapa kwa sababu naamini kuna mwengine anayasoma barazani sasa hivi na hatonipigia.

Kwanza, naomba radhi. Ile habari tuliiandika fupi mno. Tuliposema askari waliopata mtikisiko wa ubongo wana hatari kubwa zaidi, hilo ni kweli, lakini tulitakiwa tuseme hapo hapo kwamba walio wengi kabisa katika hao hawajiui, wanazeeka na wajukuu wao. Hatari ya kundi haijaandikwa kwenye paji la uso wako. Na hakuna mtaalamu hata mmoja katika wale wa Utah aliyesema ubongo umevunjika, nimekueleza kwamba walichokiona ni njia moja iliyokuwa juu kwa kipimo, na hata wao walikishangaa. Mshindo kama uliokupata wewe, wa kuzimia dakika chache, kwa watu wengi unapona. Kinachobaki mara nyingi ni usingizi ulioharibika, masikio, kichwa kuuma, hasira, na sonona juu yake, na kila kimoja katika hivyo kina tiba yake. Umenambia hujalala usiku mzima tangu urudi. Hebu tuanze na usingizi.

Pili, hilo la kula pesa ya watu. Nimelisikia kwa wagonjwa wengi sana, mara nyengine kwa maneno hayo hayo, na ni ugonjwa unaosema hivyo, unakuja na sauti yako mwenyewe ndo maana unaiamini. Nilikuuliza mkeo akipata maradhi ya moyo utahesabu pesa? Ulicheka kidogo. Nilikisikia hicho kicheko.

Tatu, umesema hutaki kwenda kliniki, na mie sikukulazimisha, nimekuomba mambo mawili tu, umwambie kaka yako yule uliyenitajia, na ukiona saa ile inakuja usikae peke yako, toka uende kwake au hospitali, hata saa nane usiku, hata bila viatu. Nikwambie kwa nini sikukata tamaa uliponikatalia. Huko San Francisco alikuwako daktari mmoja, Jerome Motto, mwenyewe aliwahi kuwa askari katika vita vya pili vya dunia na akiwa vitani akipata barua kutoka kwa msichana mmoja, barua za salamu tu. Baadae akiwa daktari aliwachukua wagonjwa 843 waliotoka hospitali wakakataa kuendelea na matibabu, nusu yao akawa anawaandikia barua fupi mara kwa mara kwa miaka mitano, haziwaulizi kitu, haziwadai kuja, zinasema tu kwamba tunakukumbuka, tunatumai u mzima, ukitaka kutuandikia tutafurahi. Nusu nyengine hawakuandikiwa. Miaka miwili ya mwanzo, waliojiua katika wale walioandikiwa walikuwa wachache kuliko wenzao.

Kwa hivyo mie sikudai chochote. Nitapiga Jumatano baada ya Alasiri. Ukiwa na watu au uko baharini usipokee, nitapiga tena baada ya Magharibi, na Alkhamisi.